Usukani wa Chevelle ya 1970 unacheza: nitengeneze kolamu ya zamani au niweke mpya?

Chuma70:

Wakuu, habari zenu. Nina Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye gia nne za sakafuni, usukani wa pawa na kolamu (nguzo inayobeba usukani) ile inayoinamishwa juu na chini. Nikiushika usukani kwa mikono miwili na kuutikisa bila kuuzungusha, kichwa chote cha kolamu kinasogea na kutoa mlio wa chuma kugonga chuma. Nikiendesha kwenye barabara iliyonyooka, ninaweza kuuzungusha kwa upana wa vidole viwili hivi kabla matairi hayajaitikia. Honi nayo hulia siku ikitaka.

Fundi niliyempelekea ameshauri niing'oe kolamu nzima na kuweka mpya, kwa maelezo kwamba hizi za zamani hazifunguliki. Ningependa kubaki na ya asili ikiwezekana. Nimeshafungua nati ya katikati lakini usukani umegoma kutoka, na nilikuwa nafikiria kuigonga ncha ya shafti kwa nyundo ili ulegee. Naombeni ushauri kabla sijaharibu kitu.

Mzee wa Gereji:

Ndugu yangu, weka nyundo kando kwanza. Shafti ya kolamu hiyo si chuma kimoja, bali ni vipande viwili vinavyoingiliana, vilivyoshikanishwa kwa plastiki iliyomiminwa kwenye matundu madogo, ili dereva anaporushwa kifua mbele plastiki ikatike na shafti ifupike badala ya kumchoma. Bomba la gia linaloizunguka limefungwa kwa namna hiyohiyo. Bomba la nje, kwa magari ya General Motors kama lako kuanzia modeli za 1969, ni mabomba mawili yanayobanana kupitia gololi za chuma zilizopangwa katika ala ya plastiki, na gari likigonga, gololi hizo huchimba mifereji kwenye kuta za mabomba na kumaliza nguvu ya mgongano polepole. Modeli za 1967 na 1968 zilikuwa na bomba lililotobolewa kama wavu, ambalo hujikunja. Pigo moja la nyundo kwenye ncha ya shafti linaweza kuikata plastiki hiyo, nawe usione alama yoyote kwa nje. Hata kuiangusha kolamu kwa ncha yake, au kuiegemea ikiwa imelegezwa kwenye dashibodi, kunatosha kuleta madhara hayo.

Usukani hutolewa kwa pula, yaani kifaa cha kuvutia kinachofungwa kwa bolti. Katikati ya usukani wako kuna matundu mawili yenye nyuzi, yanayopokea bolti za inchi 5/16 zenye nyuzi 18 kwa inchi. Usizizamishe bolti hizo kupita kiasi, kwa sababu zikitokeza upande wa pili zitasukuma sehemu za indiketa zilizo nyuma ya usukani.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kwa maelezo yako ninaona matatizo mawili yasiyohusiana, na kolamu mpya ingelitibu moja tu.

Kichwa kinachosogea bila usukani kuzungushwa ni dalili inayojulikana sana ya kolamu za kuinamishwa za Saginaw, kilichokuwa kitengo cha steringi cha General Motors. Ndani kabisa, chini ya kiungo kinachoinama, kuna bolti nne zinazokishikilia kipande cha kiungo kwenye bomba la nje, nazo hulegea kwa miaka mingi ya kuvutwa na dereva anayeutumia usukani kama mshikio wa kupandia garini. Bolti hizo ni rahisi kuzikaza, ila njia ya kuzifikia ndiyo ndefu. Chomoa betri. Ondoa usukani, kisha ulikandamize bamba la kufungia shafti kwa kifaa chake maalumu hadi ringi yenye mwanya iliyo juu yake ibaki bila mzigo, ndipo uitoe. Bamba hilo linasukumwa na springi yenye nguvu, na anayejaribu kulikandamiza kwa bisibisi mbili huishia kuitafuta ringi chini ya viti. Baada ya hapo hutoka kamu ya kurudisha indiketa, kisha swichi ya indiketa yenye skrubu tatu, ambayo waya zake huziachi zining'inie bali unazifunga kwa utepe ili zipite kwenye kolamu bila kukwaruzwa.

Silinda ya ufunguo ina ulimi mdogo unaobonyezwa kwa bisibisi nyembamba kupitia mwanya uliofichwa chini ya swichi ya indiketa. Itoe kwanza swichi ndogo ya kengele ya ufunguo pamoja na kibanio chake cha bati, kwa sababu kibanio hicho kikitumbukia ndani ya kolamu hutakipata hadi uifungue yote. Unapoifikia springi ya kuinamishia, hakikisha kichwa cha kolamu kimeinuliwa hadi juu kabisa, kwani hapo ndipo springi inakuwa imelegea zaidi, kisha bonyeza kikombe chake na kukizungusha kinyume cha saa. Halafu vuta zile pini mbili za bawaba kwa pula yake ndogo. Kichwa kikishatoka, bolti nne utaziona. Tafuta soketi inayolingana sawasawa na vichwa vyake, kwa sababu kikichubuka kimoja kazi inakuwa nyingine kabisa. Zitoe moja baada ya nyingine, zisafishe, zipake gundi ya kuzuia nyuzi kulegea, kisha uzikaze kwa kipimo cha kitabu cha huduma cha gari lako.

Ukiwa humo, angalia vitu viwili zaidi. Kwenye kiungo cha shafti kuna nusu-tufe mbili za plastiki zinazokiweka katikati, na zikipasuka shafti hugongagonga kila unapozungusha. Angalia pia meno ya viatu vinavyoshikilia mwinamo, kwa sababu yakiwa yameliwa usukani utaanguka wenyewe magotini siku usiyoitarajia.

Tatizo la pili, ile nafasi tupu ya vidole viwili, lina uwezekano mkubwa wa kuwa nje ya kolamu. Fungua boneti, mtu mwingine auzungushe usukani kidogokidogo huku na huku, nawe shika jointi ya raba iliyo kati ya shafti na boksi ya steringi. Ikiwa upande wa juu unazunguka kabla ya upande wa chini, umempata mwizi. Raba hiyo huozeshwa na mafuta ya pawa yanayovuja na hukaushwa na joto la bomba la moshi. Ina pini mbili za chuma ambazo, raba ikikatika yote, huendelea kuusukuma upande wa pili ili usipoteze usukani ghafla, lakini pini hizo ni za kukufikisha nyumbani tu. Kwenye jointi hiyohiyo pia kuna kiungo cha chuma kinachopeleka athi ya honi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari) kwenye shafti, kwa kuwa raba haipitishi umeme. Sitashangaa ikiwa honi yako inalia kwa kubahatisha kwa sababu hiyo.

Ikiwa jointi ni nzima na boksi ndiyo inayocheza, usikimbilie kuikaza ile skrubu ya juu ya boksi bila kufuata hatua za kitabu. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mgumu katikati na haurudi wenyewe baada ya kona, na ndani ya boksi meno yanasagika.

Bapa Mbili:

Nakubaliana na Mzee kuhusu uchunguzi, ila nisingependa wasomaji wengine waondoke na imani kwamba kolamu mpya ni ubadhirifu wakati wote. Ikiwa plastiki ya shafti imeshakatika, au gololi zimeshachimba mifereji kwa ajali ya zamani, au zile kapsuli za kwenye mabano ya dashibodi (vipande vinavyoiachia kolamu gari likigonga) zimechomoka kwenye nafasi zake, kuikarabati kunahitaji vipuri na ujuzi ambao fundi wa kawaida hana. Kuna pia wanaobadilisha injini na kuweka mabomba ya moshi makubwa yanayopita palepale shafti ilipokuwa ikipita, na hao hawana namna ila kuikwepesha njia ya shafti.

Kampuni kama ididit ya Michigan na Flaming River ya Ohio hutengeneza kolamu zinazoingia kwenye magari haya. Kabla ya kuagiza, pima urefu, kwa sababu kolamu za gia ya sakafuni na za gia ya kolamu hazilingani, na zinatofautiana pia kati ya familia moja ya magari na nyingine. Chunguza umbo la ncha ya chini ya kolamu na idadi ya meno ya shafti ya boksi. Boksi za Saginaw za magari haya huja na inchi 3/4 meno 30 au inchi 13/16 meno 36, na mtu akinunua jointi kwa kukisia hulazimika kuirudisha.

Ukitumia jointi za msalaba badala ya ya raba, kumbuka kwamba jointi moja ya aina ya Borgeson (kampuni inayotengeneza jointi za usukani) haitakiwi kupinda zaidi ya digrii 35. Zikiwa mbili, uma zake zilizo kwenye shafti ya kati lazima zitazame upande mmoja, la sivyo usukani utakuwa unakaza na kulegea kila robo mzunguko. Zikiwa tatu, shafti ya kati lazima ishikiliwe na beringi iliyofungwa kwenye chasi, kwa sababu bila hiyo itapinda na kuruka kama kamba. Skrubu za kubana jointi zinahitaji kijishimo kilichotobolewa kidogo kwenye shafti ili ziingie humo, kisha nati ya kufungia juu yake. Nimeona magari barabarani yenye shafti za usukani zilizochomelewa, na sipendi hata kukaa kwenye gari lenye kitu hicho.

Farasi66:

Samahanini kwa kuingilia. Mimi nina Ford Mustang ya 1966 na kolamu yake haina bolti hizo wala plastiki mnazozisema. Je, ushauri huu unanihusu?

Mzee wa Gereji:

Unakuhusu kwa upande wa kinyume. Kwenye Mustang ya mwaka huo shafti ni ndefu, ya kipande kimoja, na inatoka ndani ya boksi ya steringi moja kwa moja hadi kwenye usukani. Gari likigonga kwa mbele na boksi ikarudi nyuma, shafti inarudi nayo kumwelekea dereva. General Motors, Chrysler na American Motors walianza kuweka kolamu zinazofupika kwenye modeli za 1967, na viwango vya usalama vya serikali ya Marekani namba 203 na 204 vikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1968. Namba 204 inataka ncha ya juu ya kolamu isirudi nyuma zaidi ya milimita 127 gari linapogonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa.

Kwa hiyo Chuma70 ana sababu nzuri ya kuitunza kolamu yake, nawe una sababu nzuri ya kuibadilisha yako, kama gari ni la kuendesha na si la maonyesho. Kwako kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu unahitaji boksi yenye shafti fupi pamoja na kolamu inayofupika na jointi ya kuziunganisha. Kolamu peke yake haitakusaidia.

Chuma70:

Nawashukuru sana. Pula imeutoa usukani bila shida. Bolti mbili kati ya zile nne nilizizungusha kwa vidole, na jointi ya raba ilikuwa imechanika karibu na pini moja, kwa hiyo nimeibadilisha, na honi sasa inalia kila ninapoibonyeza. Shafti haiingii wala kutoka, na kapsuli za mabano ziko mahali pake.

Limebaki jambo moja. Baada ya kurudisha kila kitu, stata inaitika usukani ukiwa umeinuliwa tu. Nikiuteremsha, ufunguo unazunguka hadi mwisho lakini injini haizunguki. Je, nimeharibu silinda?

Mzee wa Gereji:

Silinda yako haina kosa. Kuanzia 1969 swichi yenyewe ya umeme haipo pale ufunguo unapoingia, bali imefungwa juu ya kolamu chini ya dashibodi, na inasukumwa na fimbo ndefu inayoendeshwa na reki (kipande kilichonyooka chenye meno) na kipande cha meno kilicho kwenye kichwa. Kichwa kinapoinamishwa, mwendo wa fimbo hubadilika kidogo, na ikiwa swichi imekaa vibaya mwendo huo mdogo ndio unaoiondoa kwenye nafasi ya kuwasha. Legeza skrubu zake mbili, weka ufunguo na kitelezi cha swichi kwenye nafasi ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, isukume swichi hadi mlegeo wa fimbo uishe, kisha kaza. Jaribu kuwasha katika kila mwinamo kabla ya kufunika chochote.

Isipokubali, itakubidi ufungue kichwa tena na kuhesabu meno ya reki, kwa kuwa huenda umeirudisha ikiwa imeruka jino moja. Na ukiwa chini ya gari, angalia kama fimbo inayounganisha giaboksi na mguu wa kolamu (mkono mdogo wa chini unaozungusha bomba la gia) bado ipo. Kwa gari lako la gia nne, ufunguo unatakiwa kutoka gia ikiwa kwenye rivasi tu, na watu wengi waliobadilisha giaboksi waliitupa fimbo hiyo na kuufunga mguu wa kolamu kwa waya. Ikiwa uliukuta waya huo nawe ukaukata ulipokuwa unaitoa kolamu, bomba la gia sasa linazunguka ovyo na ufunguo utakuwa unagoma kutoka siku moja na kutoka siku nyingine.

Chuma70:

Waya ulikuwepo, na niliukata nikidhani ni takataka. Ninaagiza fimbo leo.