Tupeane uzoefu: ulifikaje mji wa baridi peke yako, bila ndugu wala mwenyeji?

Kipepeo wa Temeke
Wakuu, jana usiku hapa Stendi Kuu Mbeya nimemwona kijana kashuka basi la Dar na kaptula na ndala, meno yanagongana. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana nimekumbuka mbali. Mimi nilihamishiwa huku kikazi mwezi wa tano, mvua zinakata, ukungu umefunika Loleza hadi unadhani mlima haupo. Simjui mtu. Jumamosi ya kwanza nikaona siwezi kushinda gesti nahesabu mbao za dari, nikatoka kwa mguu Sokomatola mpaka Mwanjelwa, nasalimia kila mtu. Sweta la mitumba nililonunua Mwanjelwa siku ile ninalo mpaka leo. Wewe ulifikia wapi, na nani alikupokea? Mbeya, Iringa, Njombe, popote huku juu.

Mzee wa Kabwe
Mwezi wa tano unalia baridi? Subiri wa saba.

Nyota_Kihesa
Umenikumbusha Iringa. Basi lilinishusha Ipogolo usiku, nikaambiwa mjini ni kule juu. Nikainua macho, taa zipo huko kilimani kabisa, nikajisemea hapa nimetupwa. Bajaji ikapanda ile kona kona, upepo unaingia pande zote, dereva kavaa koti kubwa, kofia ya sufu na glavu, mimi nina kitenge tu.

Nikalala na viatu. Kesho yake nikawa mtalii wa peke yangu. Nikapanda Gangilonga, wenyewe wanaliita jiwe linaloongea, nikaona mji wote chini. Keshokutwa nikachukua daladala ya Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe. Wakubwa wanajua, alikufa 1898 kwa kujipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate, wakachukua kichwa, kikarudishwa 1954. Shuleni nilikariri nikafaulu. Lakini kusimama pale mbele ya kioo, mimi na mtunza makumbusho tu, hakuna kelele za wanafunzi, nilisikia vingine kabisa. Yule mzee aliponiona nimekaa kimya sana akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Tukaenda kula kande kwa mama mmoja pale jirani. Ndiye mwenyeji wangu wa kwanza Iringa.

Mtu wa Uyole
Kamwene dada! Ukienda na watu huwezi kuulizwa umekula.

Chifu Mstaafu
Nawapongeza, ila tuweke sawa jambo. Kuna mtu juzi uzi mwingine kaandika "nilifika Iringa vuli". Vuli ipi? Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inaisha Aprili, Mei kwa kubahatisha. Vuli na masika ni za watu wa pwani na kaskazini.

Kipepeo wa Temeke
Mzee, hakuna aliyeandika vuli hapa.

Chifu Mstaafu
Natanguliza.

Mtu wa Uyole
Na Tukuyu je? Tukuyu inanyesha hadi mnasahau ilianza lini. Msimu mmoja ndiyo, ila hauishi 😂

Mama Wawili
Naomba niseme yangu, ni ndefu, mnivumilie.

Nilikwenda Njombe kuripoti kazi ya ualimu, ndiyo kwanza nimetoka kwetu Lindi. Nilifika Ijumaa, ofisi zimefungwa, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zangu. Nikasema niujue mji. Nikazunguka sokoni, viazi magunia kwa magunia, maparachichi ya bei ya kuchekesha. Nikatembea mpaka kwenye maporomoko ya Mto Ruhuji. Kurudi nikanyeshewa ile mvua nyembamba isiyo na kishindo, nikafika gesti vidole havifungui hata zipu.

Mhudumu, kijana mwema kabisa, akanihurumia. Akaniletea jiko la mkaa chumbani, mkaa umekolea, hauna hata moshi. Akasema, "Mama, funga mlango joto lisitoke." Nikafunga, na dirisha la vioo lile halina pa kupitisha hewa. Nikajilaza na blanketi mbili, raha mustarehe.

Nikashtuka kichwa kinapasuka. Nikadhani homa. Nataka kuinuka, miguu haipo. Yaani naiona, lakini naiambia simama haisikii. Nikatapika palepale kitandani. Nasikia redio ya jirani, nataka kumwita, mdomo mzito. Nikaanza kuona uvivu wa ajabu, nalala tu, basi. Huo uvivu ndio unaua, niliambiwa baadaye.

Mlango ukagongwa. Yule kijana kaja kudai jiko, mgeni wa chumba kingine naye analitaka! Nikaangusha kikombe kwa mkono, ndiyo sauti pekee niliyoweza kutoa. Akafungua kwa ufunguo wake, akaniburuta mpaka uani kwenye ile baridi niliyokuwa naikimbia. Hospitali wakanipa oksijeni hadi asubuhi. Jumatatu niliripoti kazini sura imevimba, mkuu wa shule akadhani mlevi.

Nyota_Kihesa
Mungu wangu. Pole sana mama.

Mjuaji Original
Hii chai. Mimi nimezaliwa Makete, tumelala na moto ndani tangu babu na babu, mbona hatujafa?

Sista wa Zamu
Kaka, nyumba ya babu yako ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, hewa inapita. Gesti ina dari na kioo. Mkaa unatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kila baridi tunapokea hao wodini. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, toka nje kwanza, maswali baadaye. Na mkaa usio na moshi ndio unaodanganya watu.

Mjuaji Original
Sawa, ila sisi Makete ni watu wa tofauti.

Mzee wa Kabwe
Makete wana damu ya viazi.

Mama Wawili
Kaka, chai yako inywe mwenyewe. Yule kijana wa gesti sasa ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu.

Kipepeo wa Temeke
Subiri kwanza!! Anzisha uzi wake hiyo.

Bonde la Usangu
Tumuokoe yule wa kaptula. Koti nunua Mwanjelwa, usinunue Dar, watakuuzia kivuli. Gesti uliza maji ya moto kabla ya kulipa, na uyaone yakitoka. Loleza usipande peke yako.

Mtu wa Uyole
Mimi napanda peke yangu kila Jumapili.

Bonde la Usangu
Wewe nani akuibie nini?

Chifu Mstaafu
Ulanzi mkali, ile pombe ya mianzi, unapasha mwili.

Sista wa Zamu
Unakudanganya tu ngozi, mwili unazidi kupoteza joto. Chai ya tangawizi.

Mgeni_Mpya22
Shikamooni. Mimi naenda Tukuyu wiki ijayo, simjui mtu. Magari yanapatikana wapi?

Mtu wa Uyole
Marahaba mdogo wangu. Stendi ya Nane Nane. Beba mwavuli, usipande la mwisho.

Mgeni_Mpya22
La mwisho linaondoka saa ngapi?

Mtu wa Uyole
Likijaa.