Mrejesho: ile pub ya London niliyoomba ushauri kumpeleka shangazi

Wakuu habari zenu, mtakumbuka niliuliza nimpeleke wapi shangazi yangu wa Tanga, kaja London kutembea, hanywi pombe ila alikuwa anataka kuona hizo pub za Waingereza zikoje. Wengi mlisema Duke of Cambridge kule Islington, basi Jumapili tukaenda.

Tulishukia steshini ya Angel, na hapo kwanza shangazi akagoma kidogo maana zile ngazi za umeme ndo ndefu kuliko zote kwenye treni za chini London, mita 60 hivi, akashika mkono wangu mpaka juu huku anasoma dua.

Pub yenyewe imetulia sana aisee. Meza za mbao za zamani, haziendani hata moja, menyu wameandika kwa chaki ubaoni. Nikamwambia hii ilifunguliwa 1998 na ndo pub ya kwanza Uingereza kupata cheti cha oganiki, kinatolewa na Soil Association, yani vyakula vinalimwa bila mbolea za viwandani. Akanitazama, "Sasa si ndo tunavyolima Lushoto kwa samadi, mwenzangu na cheti?" 😂

Akala samaki na viazi, karoti akazisifia kweli, tamu na hazijarojeka. Pilipili aliitoa mwenyewe kwenye mkoba, kichupa kabisa, mhudumu akaomba aonje akakohoa mpaka machozi. Mimi nilipiga bia moja tu ya oganiki kwa heshima ya shangazi. Bei imechangamka lakini, nendeni mmejipanga.