Eti mzigo ni mimi! Huyu jamaa wa kwodi pale Menengai ametuzoea vibaya

MamaWaBondeni

Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, vumbi la Menengai limenijaa mpaka kwenye meno, na lazima niseme kabla moyo haujapasuka. Yule jamaa wa kwodi, zile pikipiki za magurudumu manne, pale Nakuru juu ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano la Menengai, jina sitaji, mnamjua wote, yule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, ameniita mzigo. Mimi! Mbele ya watoto wangu na yule mama wa mahindi choma.

Tulikuwa tunaenda kulala kwenye hema, mimi, ndugu yangu mdogo na watoto watatu. Vitu vyetu ni hema, blanketi nne, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria kubwa ya ugali na jerikeni ya maji ya lita 20. Kosa liko wapi hapo? Watu wanaenda matanga Molo na boda ya kawaida wamebeba kitanda, na kuku yuko kwenye usukani! Nikamlipa shilingi 2,500. Akaongeza 800 "ya mizigo". Nikalipa.

Basi akachukua vipande vya tyubu. Hema akalilaza kwenye keria ya nyuma, juu yake blanketi, juu ya blanketi mtungi wa gesi na sufuria, na juu kabisa jerikeni ya maji. Ghorofa nzima! Akavuta tyubu mpaka ikawa nyembamba kama tambi, akaizungusha mara mbili, ncha akaisokomeza chini ya tyubu yenyewe. Fundo hakuna. Nikamwambia, "Kaka, hiyo haitashika." Akaniambia nimwachie kazi yake.

Nikapanda nyuma yake. Hatukumaliza hata mita hamsini, pale njia inapoteremka katikati ya leleshwa. Kwanza nikasikia harufu ya nailoni. Mfuko wa hema ulikuwa umening'inia ukagusa eksosi, unayeyuka polepole. Mimi napiga kelele, yeye anadhani nafurahia. Gurudumu likapanda jiwe, tyubu ikaachia paa! Jerikeni chini, gesi chini, na sufuria ikashika njia yake kuelekea ndani ya kreta, inalia kama kengele ya kanisa kila ikigonga jiwe. Nina hakika bado inabingirika. Kesho asubuhi itakuwa Baringo.

Huyu bwana akazima injini. Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, taratibu. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema: "Mama, mzigo ni wewe. Hivi vingine ni vyombo tu."

Mama wa mahindi alicheka mpaka akaunguza mahindi ya watu. Mzigo ni wewe! Kama mzigo ni mimi, ile 800 ilikuwa ya nini? Hema lina shimo la ukubwa wa chapati na wala si hilo linaloniuma. Wakikuyu ule mlima waliuita Kirima kia Ngoma, kilima cha mashetani, na leo nimemwona shetani mwenyewe, amevaa miwani. Alifuta miwani kwanza! Mtu anapata wapi utulivu wa kufuta miwani ndipo akutukane?

KijanaWaFreeArea

Pole sana mathe. Huyo namjua. Mwaka jana alitubebea kreti ya soda, tukafika chini na chupa nne. Tulipomuuliza alisema barabara ina kiu.

Bahati_Moja

Swali dogo tu. Kilo ngapi? Siulizi za vyombo.

MamaWaBondeni

Wewe Bahati ni ndugu yake, si bure. Nimesema mtu ameniita MZIGO mbele ya wanangu. Mtoto wangu wa miaka sita sasa anazunguka nyumba akiimba "mzigo ni wewe".

FundiWaMachine

Mimi natengeneza hizo kwodi, wacha niseme. Kwenye keria kuna kibandiko kinachosema kilo. Nyingi za kazi, keria ya nyuma ndiyo hubeba zaidi, ya mbele kama nusu yake, na mzigo unagawanywa pande zote mbili. Kizito hukaa chini kabisa, karibu na katikati. Maji lita 20 ni kilo 20, na jerikeni ikiwa haijajaa yale maji yanatembea ndani, kila kona yanakuvuta. Ukiyaweka juu umetengeneza mnara. Ukirundika kila kitu nyuma halafu upande mlima, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haushiki na inaweza kukugeukia. Tyubu ni ya kufunga ndoo kwenye baiskeli. Hapo unataka mkanda wa kukaza wenye ndoano, mbili, zikipishana. Na chochote cha nailoni kikae mbali na eksosi.

Sasa mama, nyingi za hizo ni za mtu mmoja. Kibandiko kingine kinakataza abiria kabisa. Wewe ulikaa wapi?

MamaWaBondeni

Nilikaa aliponiambia nikae! Hebu msinigeuzie kesi.

Bahati_Moja

Kwa hivyo kulingana na fundi, mama alikuwa mzigo wa ziada. Jamaa wa miwani alisoma kibandiko 😂😂

KijanaWaFreeArea

😂😂 Aki Bahati utaenda motoni.

NyarKisumo

Nyinyi mnalia juu ya sufuria? Njooni Kisumu. Jumapili nimetoka soko la Kibuye na gunia la omena (dagaa), yule wa tuktuk ya kijani, wa Kondele mnamjua, akanitoza nauli ya watu wawili. Nikauliza mtu wa pili ni nani. Akaniambia, "Gunia lina harufu kuliko mtu." Halafu njiani akasimama akapakia mama na samaki mbuta mzima amefungwa kwa gazeti, na huyo hakutozwa kitu!

ShemejiWaKakamega

NyarKisumo, mbuta hana harufu kama omena, tuwe wakweli. Shida ni sisi wa Kakamega. Kuna boda hapa alinifungia ingokho, yaani kuku, wawili kwenye keria, mmoja akafika. Nilipouliza wa pili akasema alishuka stejini.

NyarKisumo

Omena iliyokauka vizuri haina harufu hata kidogo. Mnanunua zilizonyeshewa halafu mnaisingizia omena.

MamaWaBondeni

Jamani, turudi kwa uzi. Alifuta miwani. Akasema mzigo ni wewe. Nauliza, 800 yangu narudishiwa vipi?

KiprotichWaChai

Hamjaona kitu. Mimi nilihama kutoka Nakuru kwenda Kericho, godoro likafungwa juu ya matatu. Kericho mnaijua, ikifika alasiri mvua ni lazima. Kufika stejini lilikuwa zito kama ng'ombe mjamzito, tukalishusha watu wanne. Manamba akaniambia niongeze pesa kwa sababu uzito umebadilika njiani.

KijanaWaFreeArea

Ukalipa?

KiprotichWaChai

Alikuwa amekalia begi langu la nguo. Nililipa.

ShemejiWaKakamega

Huyo manamba ana kovu hapa kwenye nyusi?

KiprotichWaChai

Huyo huyo!

ShemejiWaKakamega

Alinifanyia hivyo na mkungu wa ndizi. Alisema zimeiva njiani kwa hivyo ni mali tofauti.

FundiWaMachine

Godoro lilikauka siku ngapi?

KiprotichWaChai

Tisa. Na hiyo ni kwa sababu niliazima uwanja wa jirani. Kwangu jua halifiki, kuna mkaratusi umesimama hapo na landilodi hataki kuukata.

NyarKisumo

Landilodi usinianzishe. Wangu amefunga tangi la maji kwa kufuli.

Bahati_Moja

Kufuli ya aina gani?