Single malt ya maana chini ya elfu saba hapa Mombasa: mwanunua ipi?

mtu_wa_tudor
Jamaa, salaam. Natafuta wiski ya single malt, yaani ya kimea kitupu kutoka kiwanda kimoja. Glenfiddich 12 ndiyo chupa yangu ya miaka nenda miaka rudi, lakini kila nikirudi dukani kibandiko cha bei kimebadilishwa. Dola ilipokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 tuliambiwa ni dola. Ikashuka hadi 129 hivi mwaka huohuo, bei ikabaki kulekule juu. Sasa nimejiwekea mpaka: elfu saba kwa mzinga, haizidi hata shilingi. Nalinganisha tatu: Glenfiddich 12 yenyewe, Glenmorangie Original na Singleton ya Dufftown ya miaka 12. Ni ya kunywa mwenyewe nyumbani wikendi, toti mbili basi, si ya kuwaringia wageni. Kama kuna ya nne semeni. Na nyinyi mnaotaka kuniambia nirudi kwa mnazi, nimeshawasikia.

mhasibu_makupa
Dola ni sehemu tu ya hadithi. Mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa bidhaa kwa vileo vikali ulibadilishwa hesabu. Awali ulikuwa shilingi 356.42 kwa lita, kiwe kikali kiwe chepesi. Sasa ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi iliyomo. Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 una sentilita 30, basi ni shilingi 300. Zamani ulilipa 267 na senti. Wenye asilimia 46 unalipa 345. Hapo hujagusa ushuru wa forodha, wala ada ya reli iliyopandishwa hadi asilimia 2 kipindi kilekile, na VAT ya asilimia 16 inakuja kukaa juu ya vyote.

Lakini tazama hapo vizuri. Kati ya 40 na 46 tofauti ni shilingi 45 kabla ya VAT. Mwenye duka akikupandishia elfu mbili akasema "serikali hiyo, bosi", mwambie alete karatasi tupige hesabu pamoja.

DadaNyali
Hizo tatu nazijua zote, kwa hivyo nisikilize mimi kaka.

Glenmorangie kwanza. Mpaka juzi Original ilikuwa ya miaka 10. Mwaka 2024 wakaipandisha ikawa 12. Kwa kawaida viwanda hufanya kinyume chake, wanaondoa umri kwenye lebo na bei inabaki palepale. Glenlivet walipoleta Founder's Reserve mwaka 2015 isiyo na umri wowote, kuna nchi ambako ilichukua nafasi ya ile ya 12, na watu walinuna kwelikweli. Sasa kuna maduka bado yana chupa za zamani za 10, na mara nyingi bei hawatofautishi. Chukua chupa mkononi usome, usiseme tu "nipe Glenmorangie". Ladha yake ni ganda la chungwa na vanila, nyepesi, maana mitungi yao ya kukenekea ndiyo mirefu zaidi Uskoti na mvuke mzito haufiki juu.

Glenfiddich unaijua, peasi na utamu kidogo wa sheri, ule mvinyo wa Uhispania. Haijaharibika, imepanda tu.

Singleton ni laini, asali na karanga, na kati ya hizo tatu ndiyo huwa naiona kwa bei ya chini. Ila haina kona. Glasi ya pili huna la kuisemea. Kura yangu ni Glenmorangie ya 12.

fundi_bamburi
Nyote mnazungumzia asilimia 40, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kisheria. Kwa pesa hiyohiyo au ukiongeza kidogo, tafuta lebo yenye 46 au 46.3 na maneno kwamba haikuchujwa kwa baridi wala haikutiwa rangi. Deanston 12, Bunnahabhain 12, Arran 10. Hazijazagaa hapa Mombasa, nakubali, lakini hutokea.

Kuchujwa kwa baridi ni hivi: wiski inapozwa kiwandani, mafuta yake yanaganda, yanachujwa, ili mteja akitia barafu isiingie ukungu. Pamoja na ukungu unaondoka uzito ule wa ulimini. Na hapa kwetu nani anakunywa bila barafu mwezi wa pili? Nikitia kipande kimoja kwenye Bunnahabhain, rangi inafifia kidogo kama imepata mawingu, na hapo ndipo harufu inafunguka. Wapo wanaorudisha chupa dukani wakidhani imeharibika! Isitoshe, maji na barafu vikiingia kwenye wiski ya 40 mara moja inakuwa sharubati. Ya 46 inavumilia.

bahati_mtwapa
Mimi nitasema lisilotakiwa. Green Label. Ndiyo, Johnnie Walker. Miaka 15, asilimia 43, kimea kitupu, hakuna nafaka nyingine ndani. Humo mna Talisker, Caol Ila, Cragganmore na Linkwood. Ukitaka single malt ya miaka 15 utalipa kiasi gani? Unalipia neno "single" tu.

fundi_bamburi
Kichwa cha mada umekisoma lakini?

bahati_mtwapa
Nimekisoma, na anataka thamani. "Single" maana yake imetoka kiwanda kimoja, haisemi ni nzuri. Umri wenyewe ndio ghali: pipa likilala Uskoti linapoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa mvuke, na shayiri ya leo huwezi kuiharakisha iwe na miaka 12 kesho. Kwa hivyo mtu akikupa 15 kwa bei iliyo karibu na 12 za wengine, pokea useme ahsante.

DadaNyali
Hapo bahati ana hoja, ingawa Green Label ina ladha ya moshi kidogo, na kaka wa Tudor sijui kama ni mtu wa moshi.

mtu_wa_tudor
Moshi kidogo sawa. Niliwahi kufungua Laphroaig 10 sebuleni, mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni waya gani unaungua.

mzee_wa_kizingo
Wanangu, msidharau moshi. Laphroaig au Ardbeg 10 (hii ya pili ni 46) huwezi kuifakamia. Toti moja baada ya chakula, umetosheka, chupa inakaa. Hizi laini zenu mzinga haumalizi mwezi. Piga bei kwa usiku mmoja badala ya bei kwa chupa uone nani kanunua rahisi.

Tahadhari moja ya hapa kwetu: chupa ikifika nusu, joto na hewa vinaila ladha haraka. Isikae juu ya friji wala dirishani. Kabati la chini, penye giza, imesimama wima ili wiski isiguse kizibo. Na dukani, chupa iliyokuwa kwenye kioo cha mbele ikipigwa na jua la mchana, lebo imepauka, iache hata wakikupunguzia.

abiria_wa_likoni
Kuna anayetoka Dubai mwezi ujao? Bei ya lita moja kwenye duka la uwanja wa ndege ndiyo rahisi kuliko zote hapa.

mhasibu_makupa
Rahisi mpaka uanze kufanya biashara. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri lita moja ya kileo kikali. Ya pili unailipia. Na kabla ya kusema rahisi, gawa bei kwa mililita: lita kwa 8,500 ni shilingi 8.50 kwa mililita, chupa ya 700 kwa 6,300 ni 9, mzinga wa 750 kwa 6,300 ni 8.40. Macho huona chupa kubwa yakadhani ni nafuu.

Halafu zile za lita zinazouzwa chini ya meza mjini, bila stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, mimi sigusi. Kuna duka moja, jina naliacha, waliniletea "single malt ya Uskoti" ambayo lebo ya nyuma imeandikwa ilitiwa chupani nchi nyingine kabisa. Tangu 2012 single malt ya Uskoti lazima itiwe chupani Uskoti kwenyewe. Niliirudisha kaunta nikatoka. Stempu iko kwenye kifuniko, ipige picha kwa programu ya Soma Label kabla hujatoa M-Pesa.

abiria_wa_likoni
Ahsante mhasibu. Na mkichanganya na madafu?

mzee_wa_kizingo
Na Black Label, sikatai. Ukitia madafu kwenye Ardbeg usinialike.

mtu_wa_tudor
Haya, nimepita maduka mawili leo jioni. Glenmorangie ya 12 ipo, imeingia ndani ya bajeti, na pembeni yake ya 10 kwa bei ileile, vilevile alivyosema DadaNyali. Nimebeba ya 12. Green Label ilinipita mpaka wangu kidogo, bahati, nitaitazama mwezi wa mshahara mnono. Fundi, hiyo Bunnahabhain unaipata wapi? Kama ni moja tugawane nusu kwa nusu, nakutumia pesa leo.

fundi_bamburi
Ninayo moja sijaifungua. Njoo Jumamosi na chupa yako tupu, iwe ya kioo na kifuniko kinachokaza. Ukija na ya maji ya plastiki unarudi nayo tupu.