Naomba ushauri: laptopu ya "daraja A" imekuja na ufa kwenye bawaba, niirudishe?

Wakuu, habari zenu. Niko Uyole, Mbeya. Niliagiza ThinkPad T480 iliyotumika kutoka duka moja la Kariakoo, ikaja kwa basi nikaipokea stendi ya Nanenane. Tangazo lilisema "daraja A, mikwaruzo midogo tu".

Mikwaruzo ipo na sina neno nayo. Mashine ya 2018 haiwezi kung'aa kama sahani ya harusini. Shida ni ufa kwenye kona ya kushoto, palepale penye bawaba ya kioo. Nikiifunua, plastiki inaachana kidogo na kutoa mlio. Picha alizonitumia muuzaji zote zilipigwa kwa mbele, kona hiyo haionekani.

Ndani iko vizuri. Nimeendesha powercfg /batteryreport (amri ya Windows inayotoa ripoti ya hali ya betri): betri ya ndani inaridhisha, ya nje ndiyo imechoka. Muuzaji nimemtumia video. Anasema waranti ya miezi mitatu haihusu "muonekano", na risiti ina muhuri wa "mali ikiuzwa hairudishwi". Yuko tayari kunirudishia elfu arobaini yaishe. Nikitaka kuirudisha, gharama ya kusafirisha ni juu yangu.

Sasa, ufa wa hapo ni wa muonekano kweli, au bawaba itakuja kung'oka na kukata waya wa kioo? Na ule muhuri unamkinga muuzaji hata kama tangazo lilificha kasoro, au nina pa kushikia?

Mwenye kumjua fundi wa Mwanjelwa anayebadilisha kava la T480 anielekeze na bei, nipime kama hiyo elfu arobaini inatosha.