Asiye na uwezo wa kulipa faini: asamehewe au aende ndani?

#1
Wakuu, hukumu inasomwa, faini kiasi fulani au kifungo miezi sita. Watu wawili, kosa moja. Mwenye hela analipa dirishani anaondoka zake, mwenzie anapandishwa karandinga. Sasa huyu wa pili kafungwa kwa kosa gani hasa, maana hakimu mwenyewe alishaona kosa lenyewe faini inatosha? Mi naona kafungwa kwa kukosa hela basi.

Halafu tusichanganye mambo. Faini ni adhabu, ila gharama za mahakama sio adhabu, ni ada tu za kuendesha kesi, na huko Marekani kuna sehemu wanakutoza mpaka siku ulizolala mahabusu (yaani unalipia kitanda ambacho hukukiomba). Hizo mi ningezifuta zote kwa asiye nacho bila mjadala. Faini ndo nasema ipunguzwe kulingana na kipato, na ikishindikana kabisa ifutwe. Mnasemaje?

#2
Napinga. Tangaza leo kwamba asiye na hela anasamehewe uone kesho watu wanavyokuja kortini na kandambili. Mtu ana maduka matatu yote jina la mke, mahakama itajuaje? Na yule aliyeibiwa au kuvunjiwa mali yeye anapata nini, pole?

#3
Mkuu #2, fidia ya aliyeumizwa ni kitu kingine, hakuna aliyesema ifutwe, faini inaenda serikalini. Na kuhakiki kipato kunawezekana, Finland wanapiga faini kwa kipato tangu 1921, mwaka 2023 tajiri mmoja alipigwa euro 121,000 kwa kuendesha gari kasi tu. Marekani Mahakama ya Juu ilishasema 1983 kwamba huwezi kumfunga mtu kwa kutolipa kabla hujachunguza kama amegoma au hana kweli. Shida ni kwamba mahakama za chini zinajisahau, soma ripoti ya wizara yao ya sheria ya 2015 kuhusu mji wa Ferguson, mahakama ilikuwa chanzo cha mapato ya mji, ukikosa kulipa wanatoa hati ukamatwe. Mahakama inayotafuta mapato itakusamehe lini?

#4
Finland sawa, ila Waingereza mbona hamuwataji? Walianza mfumo kama huo 1992, 1993 wakautupa. Kuna jamaa alidondosha pakiti ya krispi akapigwa pauni 1,200, kisa hakujaza fomu ya kipato. Karatasi mezani ni nzuri sana, kwenye utekelezaji ndo balaa. Mi naona apewe kazi za jamii, afagie, achimbe mitaro, deni liishe.

#2
Hapo #4 nakubali, kazi sawa. Msamaha hapana.

#1
Kazi za jamii nzuri, ila mgonjwa je? Mama ana kichanga mgongoni, mzee wa miaka 75? Hao ndo nawasemea, hela hawana na nguvu hawana. Ukimfunga, serikali inamlisha na kumlindia askari miezi sita, na ile faini bado haijaonekana. Ujerumani wenyewe tangu Februari 2024 siku moja ya jela inafuta faini ya siku mbili (kwao faini inahesabiwa kwa siku, kila siku kiasi cha kipato chako), zamani ilikuwa siku kwa siku, wamepunguza lakini bado wanafunga. #2 nijibu kwa mtu kama huyo tu, achana na wenye maduka.