Leza ya kuchomelea imeingia karakana, afisa usalama ni mimi. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Ni afisa usalama kwenye karakana ya mageti na masinki ya hoteli hapa Arusha, upande wa Unga Limited. Nilichosomea ni moto, huduma ya kwanza na kazi za juu, basi. Wiki jana bosi kaleta mashine ya kuchomelea kwa leza, ile ya kushika mkononi, wati 1500. Anataka Jumatatu niwape vijana nusu saa ya usalama. Fundi mkuu anaitumia na kioo chake kilekile cha kuchomelea umeme, eti ana miaka 15 kazini na macho hayajamsumbua. Imekuja na miwani miwili, myeupe kabisa. Niwafundishe nini? Na kozi ya mtu kama mimi ipo?

Mangi Mnyamavu: Dada, kwa madaraja ya hatari ya leza hiyo ni daraja la 4, la mwisho. Daraja hilo linaanzia nusu wati, wewe una 1500! Na fundi wako anapotea hapa: mwanga wa kuchomelea umeme ukikupiga, usiku macho yanajaa mchanga, unabandika viazi, kesho kutwa umepona. Leza ya faiba, kama hiyo yenu, haionekani, kwa hiyo hata kope hazistuki. Inapita hadi nyuma ya jicho, na lenzi ya jicho inaikusanya kama kioo cha kukuza juani. Huko nyuma kuna retina, utando unaopokea picha, na haisikii maumivu. Unakuja kushtuka kuna doa katikati ya kila unachokitazama, na halitoki.

Kijana wa Themi: Mnatishana tu. Hata printa ya ofisini ina leza, nani kapofuka?

Mangi Mnyamavu: Ya printa imefungiwa ndani, ndiyo maana ni daraja la 1. Hii mwale uko nje, na stenlesi ya sinki inang'aa kama kioo cha kinyozi. Anayepita na chai ndiye ataupata.

BiUsalama: Mwenzangu, nusu saa ikatae kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri mafunzo, siyo wewe. Anza na chumba: kuta za bati, siyo turubai, na swichi ya mlangoni inayokata mwale mtu akifungua. Vijana wapimwe macho kabla hawajaigusa, hospitali ya KCMC pale Moshi wana idara nzima ya macho. Kozi ya afisa usalama wa leza ipo mtandaoni, Laser Institute of America wanatoa, kwa dola lakini. Bosi alipie, mashine kaweza. Halafu soma maandishi ya kwenye miwani: namba ya nanomita, yaani urefu wa wimbi la mwanga, lazima ilingane na ya mashine, na uangalie OD, kipimo cha miwani inavyozuia mwale. OD 6 maana yake inapita sehemu moja tu kwa milioni.

Mleta mada: Asanteni sana. Nimerudi karakana na tochi ya simu. Kibati cha mashine kinasema 1080. Miwani imeandikwa 10600. Nikadhani sifuri imezidi kwa bahati mbaya.

BiUsalama: Haijazidi. Hiyo ni ya leza ya kaboni dayoksaidi, za kukatia mbao na akriliki. Kwa mashine yenu ni sawa na kuvaa fremu tupu.

Mleta mada: Ufunguo wa mashine nimeuchomoa, uko kwenye pochi yangu. Bosi kapiga mara tatu, sijapokea. Natafuta maneno.